Nusu Dakika ya Kimya

Kimya cha Jumatatu ile kilikuwa na mtu ndani yake. Fundi hakulijua hilo bado. Alichokiona ni mstari wa kijani kwenye kompyuta ukipanda na kushuka, polepole, wakati masikioni mwake hakukuwa na sauti yoyote.

Wasiorekodi muziki hudhani kimya ni kimya tu. Sivyo. Kila chumba kina kimya chake, na fundi wa sauti anayejua kazi hukirekodi kabla ya kitu kingine chochote. Huyu alikuwa na desturi yake: anawatoa watu wote, anafunga mlango wa chumba cha kuimbia, anawasha maiki, anarekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Hicho ndicho kiraka chake. Mwimbaji akikohoa katikati ya wimbo, kikohozi kinakatwa, na kwenye tundu linalobaki Fundi anabandika kipande cha kimya ili sikio la msikilizaji lisijikwae. Na kila wimbo aliowahi kuutengeneza kwa miaka kumi na mmoja aliumalizia kwa kipande kirefu cha kimya hichohicho, baada ya chombo cha mwisho kunyamaza, usije ukakatika kama mlango uliobamizwa. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, kama mikono yako inavyofunga vifungo vya shati huku wewe unawaza mengine.

Siku hiyo walikuwa wakirekodi "Kutu", singo ya bendi ya mdogo wake wa kike. Ilikuwa roki mbadala, muziki ambao kila jirani hukuuliza kwa nini unapiga kelele na hakuna anayengoja jibu. Mdogo wake huyo waliomzoea walimwita Msasa, kwa sababu sauti yake ilikwaruza, na ukikwaruzwa nayo ulitaka ukwaruzwe tena. Lakini miezi minne iliyopita daktari alimwangalia kooni kwa kurunzi, akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia anyamaze. Si wiki wala mwezi. Anyamaze, halafu wataona.

"Wimbo mmoja tu, kaka," Msasa alimwambia Fundi. "Miaka tisa nimeimbia viti vitupu. Niuachie huu mmoja, halafu hata nikinyamaza maisha, nitakuwa nimesema."

Fundi alikubali. Nani angemnyima? Na wakati wa kurekodi kimya ulipofika, Msasa hakutoka chumbani na wenzake. Aliomba abaki.

"Nitatulia kama maji mtungini," alisema. "Nataka nikizoee chumba."

Hilo nalo Fundi akalikubali, na hapo ndipo tunapoweza kumlaumu, kama kulaumu kunasaidia.

Jioni aliposikiliza ile nusu dakika, sekunde chache za mwanzo zilikuwa na mnong'ono. Ulikuwa wa Msasa, hapohapo puani mwa maiki. "Yeyote uliyemo humu. Nipe sauti ya wimbo huu. Chukua unachotaka." Fundi aliona aibu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake analia. Akaukata ule mnong'ono, akautupa. Zilibaki sekunde ishirini na mbili za kimya safi. Ndizo ambazo mstari wa kijani ulipanda na kushuka ndani yake, kama kifua cha mtu aliyelala. Fundi akasema ni feni. Feni ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Kwa hiyo aliyeomba alikatwa, na aliyejibu akabakizwa.

Jumanne kutwa nzima alishona wimbo. Msasa alikuwa ameimba vizuri lakini kwa shida; kila baada ya mistari miwili koo lilimkaba, akakohoa, akavuta pumzi ya kukwama. Fundi aliyakata yote hayo, mahali kumi na saba, na mahali kumi na saba akabandika kimya. Wimbo ukang'aa. Wakati anafanya kazi alisikia harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji. Akaangalia kuta. Magodoro yaliyopigiliwa ukutani yalikuwa makavu, chumba hakina dirisha, na nje jua lilikuwa likichoma bati. Akavuta pua, akaendelea. Jumatano akautuma kwa wasambazaji: wimbo utaachiwa mitandaoni na redioni Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana.

Alhamisi Msasa aliingia studio akiimba.

Nyundo, mpiga ngoma wao, ambaye hakujua kugonga taratibu hata mlango wa chooni, aliacha fimbo zimponyoke. "Leo umeamka na koo la nani?"

"Langu!" Msasa alicheka, na kicheko kilikuwa laini, bila hata chembe ya mchanga. "Sijui nini kimetokea, Nyundo. Nimeamka hivi. Sikilizeni!" Akapanda noti ambayo hakuigusa tangu akiwa na miaka ishirini, akakaa juu yake kwa raha zake, machozi yakimtiririka.

Nyuma yake, ameshika kona ya shati la mama yake, alisimama bintiye wa miaka sita. Huyu aliitwa Cherehani kwa sababu mdomo wake haukujua Jumapili. Alikuwa akihadithia njia nzima, akihadithia akila, akiongea na viatu vyake. Siku hiyo alisema maneno matatu tu, "Mjomba, nipe maji," na sauti ilitoka imechakaa, ya kukwaruza, ya mtu mzima aliyevuta moshi miaka mingi.

"Mafua," Msasa alisema.

Mafua gani yasiyo na kamasi? Jumamosi mtoto alinong'ona. Jumapili alinong'ona mara moja tu. Jumatatu alifungua mdomo wakati wa chai, midomo ikaenda vizuri, ulimi ukaenda vizuri, na haikutoka sauti hata chembe. Alidhani hajafanya sawasawa, akajaribu tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akamtazama mama yake. Msasa alimbeba akakimbia naye hospitali bila viatu. Daktari alipekua koo la mtoto, akasema ni zima, zuri kuliko la mama, akauliza kama nyumbani kuna ugomvi.

Jumatano Fundi alifungua faili la wimbo ili kutengeneza kionjo cha matangazo. Studio ilikuwa tupu, saa nne asubuhi, na nje kinyozi wa jirani alikuwa akibishana na mteja juu ya mpira. Fundi alivaa hedfoni, akapandisha sauti. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, likaja pengo la kwanza, lile la kimya. Ndani yake, kwa mbali, kama anayeongea kutoka chini ya pipa, mtoto akasema: "Mjomba."

Alisimamisha. Akarudisha nyuma. "Mjomba." Akaenda pengo la pili, na huko sauti ilikuwa ikieleza, kwa kasi ileile ya cherehani, kwamba viatu vyake vimelowa. Akaenda la tano, akaenda la tisa, akibonyeza kwa haraka hata mahali sipo, na kila pengo lilikuwa na kipande cha mtoto ndani yake, hapa anauliza, hapa anahesabu vidole, hapa anaita mama, mama, mama, bila kulia, kama anayeita kutoka chumba cha pili na ana hakika atajibiwa. Na chini ya sauti ile kulikuwa na pumzi ya mwingine, nzito, ya kushiba, ikipanda na kushuka sawasawa na mstari wa kijani, na ile harufu ya udongo uliolowa ikamjaa puani hadi akahisi anautafuna.

Alivua hedfoni. Kinyozi bado alikuwa akibishana.

Msasa alipofika, Fundi hakumsikilizisha. Alimwuliza tu, kwa sauti ya chini, "Siku ile ulibaki chumbani. Ulimwambia nani achukue anachotaka?"

Msasa alikaa sakafuni. "Ulinisikia?"

"Nilikukata. Nikakutupa. Nilidhani ni woga wa kuimba."

"Nilidhani atachukua changu, kaka." Alikuwa akinong'ona kana kwamba kuta zina masikio, na kwa kweli zilikuwa nayo. "Nina nini kingine? Nilidhani kama ni kuchukua, atachukua miaka yangu, atachukua nywele, sijui. Sikumtaja mtoto. Naapa sikumtaja mtoto."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wangelificha hili kwa aibu, wangempoteza mtoto bila ubishi. Nyundo ndiye aliyemjua mtu wa kuwasaidia, bibi mmoja aliyeishi nyuma ya karakana ya baiskeli, ambaye watu walimwita Bibi wa Viganja. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alisikia kwa kuweka mikono ukutani, mezani, kifuani pa mtu, na waliowahi kusumbuliwa na vitu visivyo na jina walisema hakuna jini aliyewahi kumdanganya kwa sauti.

Alikuja Alhamisi, saa saba mchana.

"Msinifokee," alisema kwa sauti kubwa alipoingia. "Sisikii hata mkipiga baruti. Simameni kwenye mwanga niione midomo yenu."

Wakamweleza. Alitazama mdomo wa Msasa kuliko wa wengine. Halafu aliingia chumba cha kuimbia, akavua kandambili, akaweka viganja juu ya godoro la ukutani, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mimi naishi kwenye kimya," alisema alipotoka, na safari hii aliteremsha sauti. "Nakijua kila kona. Kilichomo humu si changu wala si cha chumba. Ni cha mwenye njaa. Alikuwa amelala, mkamwita, mkamwambia achukue. Aliyeitwa huanza na aliye karibu na moyo wa aliyemwita." Akamgeukia Fundi. "Na wewe ukamjengea nyumba. Vyumba kumi na saba."

"Nitafuta vile vimya," Fundi alisema. "Sasa hivi. Nifute vyote."

"Ukifuta, unamfuta na mtoto aliyemo. Tundu halifutwi, tundu linajazwa. Ulitoa nini ulipomweka yeye?"

Fundi alifikiri. "Vikohozi. Pumzi zilizokwama."

"Virudishe."

"Nilivitupa, bibi."

"Basi huyu atatoa vingine." Akamshika Msasa kidevu, akamgeuza amtazame. "Kila tundu, ujaze kwa koo lako mwenyewe, lile bovu. Siyo hili zuri la kukopa. Kila utakapojaza, mwenye njaa atabana, na ataondoka na chake. Sijui kama utabakiwa na kitu. Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa."

"Na msimwachie mahali. Hata tundu la sindano. Akinyang'anywa mtoto, huyo hatamgusa tena, lakini njaa yake itakuwa ya ajabu, na akibakiwa na kipenyo, atakayekuwa karibu na kipenyo hicho ndiye atakayeliwa."

Fundi aliwapigia simu wasambazaji. Binti wa upande wa pili alisema faili linaweza kubadilishwa, lakini mwisho saa kumi jioni leo. Baada ya hapo halishikiki. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Nyundo alikaa na Cherehani kwenye benchi la nje, akimpigia midundo midogo mgongoni kwa vidole viwili. Ndani, Msasa alisimama mbele ya maiki, akavaa hedfoni, na Fundi akampelekea pengo la kwanza.

Jambo la kwanza alilolisikia lilikuwa mtoto wake akiita.

Fundi alimwona kupitia kioo akijikunja kama aliyepigwa tumboni. Kisha akajinyoosha, akafungua mdomo, akakohoa. Kilitoka kikohozi safi, cha kuigiza, cha mtu mzima mwenye afya. Bibi, ambaye kiganja chake kilikuwa ukutani, akatikisa kichwa. Msasa akakohoa tena, kwa nguvu, akajikwaruza koo kama anayekwangua sufuria iliyoungua, na mara ya nne sauti yake ya zamani ikapasuka kutoka ndani ikiwa na mchanga wake wote, na Bibi akainua kidole: moja.

Kufikia la tano kitambaa alichojifutia mdomo kilikuwa na doa. Kufikia la nane hakuweza tena kupanda ile noti ya furaha, na la kumi lilimchukua dakika ishirini kwa sababu kila alipovuta pumzi kitu kilivuta upande wa pili, hata kamba ya maiki ikanyooka ikielekea ukutani ambako hapakuwa na mtu, na taa ikanywea, na harufu ya udongo ikawa nzito kiasi kwamba Fundi alifunga pua kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono mwingine, akiomba, akihesabu, akimwambia mdogo wake kupitia kipaza sauti, "Bado saba, dada, bado saba tu, bado sita," naye Msasa akitikisa kichwa kukubali kwa sababu kusema tayari kulikuwa kumemshinda. La kumi na tano lilikuwa mkwaruzo. La kumi na sita lilikuwa mluzi wa hewa. Kwa la kumi na saba alifungua mdomo na kutoa pumzi tu, pumzi tupu, ndefu, na hiyo nayo Fundi akaibandika.

Taa ikarudi. Bibi akashusha mkono.

Na nje, kwenye benchi, sauti ndogo ikasema, "Nyundo, unanitekenya. Halafu nina kiu. Halafu unajua viatu vyangu vilikuwa vimelowa?"

Nyundo, mtu mzima na ndevu zake, alilia kama mtoto wa chekechea. Msasa alitoka mbio, akamkumbatia binti yake, midomo yake ikisema jina lake mara kumi, mara ishirini. Hakuna kilichosikika. Wala hakikusikika tena kamwe. Lakini nitasema kweli, sijapata kusikia kwamba siku hiyo alijuta.

"Yote?" Bibi alimwuliza Fundi.

"Yote, bibi. Kumi na saba."

"Hesabu tena."

Fundi alihesabu tena, kuanzia neno la kwanza la wimbo mpaka neno la mwisho. Kumi na saba. Bibi akaweka kiganja ukutani kwa mara ya mwisho. "Chumbani hayumo," alisema, akavaa kandambili zake. Saa kumi kasoro dakika sita Fundi alituma faili jipya. Binti wa wasambazaji akajibu: limepokelewa.

Ijumaa saa sita kasoro wote walikuwa kwa kinyozi, kwa sababu redio yake ndiyo iliyokuwa na spika kubwa. Kinyozi aliwapa viti, akawatania wateja kwamba leo wanaonyolewa watalipia na sikio. Msasa alikaa katikati, shingoni amefunga kitambaa, bintiye mapajani. Cherehani hakuwa amefunga mdomo tangu jana. Mtaani, madirisha kadhaa yalikuwa yamefungulia kituo hichohicho. Mtangazaji wa mchana alikuwa kipenzi cha watu, mwanaume aliyesema bila kupumua, ambaye watu walisema hata akilala lazima aage wasikilizaji.

"Wapenzi, wapenzi, wapenzi!" alisema. "Mpya kabisa, inaachiwa sasa hivi. Inaitwa 'Kutu'. Kaeni vizuri."

Wimbo ukaanza. Fundi alikuwa ameuchoka, lakini mwili ulimsisimka. Vile vikohozi, zile pumzi zilizokwama, havikuuharibu. Ndivyo vilivyoufanya uwe wa mtu. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa aliinua mkono kumzuia kinyozi ili asikie vizuri. Mama mmoja alisimama mlangoni na ndoo yake, akasahau kuiweka chini. Msasa alisikiliza akiwa amefumba macho, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho kaka yake alikuwa akikitafuta kwa miaka tisa. Amesema. Wamemsikia.

Neno la mwisho likapita. Gitaa likavuma, likafifia, likazima.

Kikaja kimya.

Fundi alivuta hewa ili apige makofi, na hewa ilikuja na harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji. Hapo ndipo mikono yake ilipokumbuka kabla ya kichwa chake. Ule mkia. Kile kipande kirefu cha mwisho, anachokibandika kila siku, katika kila wimbo, baada ya kila kitu, bila kufikiri.

Sekunde tano. Mtangazaji hakurudi. Sekunde kumi. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa yametulia. Mteja aligeuka kumwuliza kinyozi kitu, midomo ikaenda, akashika koo lake kwa mkono mmoja. Kinyozi alifungua mdomo kumjibu, akaufunga, akaufungua. Ndoo ilimponyoka yule mama mlangoni, maji yakamwagika kwa kishindo, na yeye alipiga ukelele ambao uliishia kwenye macho yake tu.

Cherehani aliwatazama mmoja mmoja.

"Mjomba," akasema, na sauti yake ilikuwa peke yake mtaa mzima. "Mbona wote mmenyamaza? Mama? Mjomba, mbona husemi?"

Fundi alipiga magoti mbele yake, akamshika mabega, akafungua mdomo amwambie asiogope. Haikutoka hata pumzi.

"Usiogope, mwanangu," ikasema sauti ya Fundi, kwa upole, kutoka ndani ya redio.